Shakwe Juu ya Bikoni

Jumapili, 3 Novemba 1996

Wamefika. Nilikuwa nimeshakata tamaa, nikidhani mwaka huu wamepita juu kwa juu wakaenda zao Ziwa Viktoria. Leo asubuhi nimepanda jiwe langu nikawakuta watatu wamesimama kwenye tope la ziwa Singidani, mgongo mweusi, kifua cheupe kama kanzu ya Idi, wote midomo wameielekeza upepo unakotoka. Shakwe. Hapa mjini wengi hawana jina lao, huwaita tu ndege wa pwani. Kitabu alichoniachia yule mhandisi wa maji, siku aliponiuzia darubini yake akirudi kwao Ulaya, kinasema wanazaliwa kaskazini kabisa, ambako bahari huganda, nao hukimbia baridi. Kila mwaka najiuliza wanaionaje Singida kutoka huko juu: ziwa la chumvi, mawe makubwa, na upepo usiojua kupumzika. Lakini wanakuja.

Mwantum alikuja na birika la tangawizi, akakaa chini ya jiwe kwa sababu magoti yake hayamruhusu kupanda.

"Wageni wako wamekuja?" aliuliza.

"Wamekuja."

"Basi mwaka umeanza, Sheru."

Tumejuana tangu darasa la kwanza, mimi binti wa duka la Wahindi, yeye binti wa mfanyabiashara aliyetoka Kondoa na ng'ombe wake akalowea hapa. Tangu mume wangu afariki na wanangu wahamie Kanada, Mwantum hajawahi kuniacha peke yangu Jumapili. Ndiyo maana hata daftari hili naliandika Kiswahili. Kigujarati changu kimebaki cha kusalimia wazee.

Ziwa limerudi nyuma sana. Mahali ambapo mwaka jana palikuwa na maji, leo pana ukoko mweupe wa chumvi na wanawake wanaokwangua.

Alhamisi, 7 Novemba

Upepo na vumbi. Nimeuza zipu mbili na uzi.

Jumapili, 10 Novemba

Niliwafuata shakwe hadi machinjioni. Huko ndiko wanakokula asubuhi, pamoja na kongoti, wale ndege wakubwa wenye vipara wanaosimama kama wazee wa baraza wanaosubiri kesi. Shakwe hana subira hiyo. Anashuka, ananyakua utumbo, anaondoka, na wenzake wanamfukuza juu ya mabati ya mtaa wa Majengo wakipiga kelele. Wachinjaji walinicheka. Mmoja alisema, "Mama, nyama iko hapa chini, wewe unatazama juu!" Nami nikacheka.

Ignas hakucheka nilipomsimulia. Ignas ni fundi wangu wa cherehani, amekaa kwenye baraza ya duka langu miaka mingi, kijana mpole mwenye mkono mzuri wa suti. Siku hizi mtu akitaka suruali anakwenda kwenye mitumba, anatoka na ya Marekani kwa bei ya andazi na chai. Ignas hukaa mguu juu ya pedali bila kukanyaga.

"Bora ndege," alisema. "Wao wanajua wapi pa kula."

Jumapili, 17 Novemba

Mawingu yalijikusanya upande wa Ikungi, yakatutazama, yakaondoka.

Leo nimeona jambo dogo. Ng'ambo ya ghuba, kwenye ule ukoko wa chumvi, shakwe mmoja alikuwa amesimama juu kuliko wenzake. Nikadhani amesimama kwenye jiwe, lakini pale hapana jiwe, nami napajua kama jikoni kwangu. Nikarekebisha darubini. Alikuwa amesimama juu ya bikoni, kile kinguzo cha saruji chenye nondo katikati ambacho wapima ardhi hukizika kuweka mpaka. Hatua chache mbele yake kingine, na kingine, mstari mzima hadi kwenye maji.

Nilimwambia Mwantum kwa furaha, kama mtu anayesimulia kichekesho, kwamba serikali imewajengea shakwe viti.

Mwantum alikuwa anamimina tangawizi. Akaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika.

Jumapili, 24 Novemba

Bikoni zimeongezeka. Mwantum hakuja, anasema ana homa.

Jumatano, 27 Novemba

Abdulmajidi, mume wa Mwantum, alipita dukani. Tangu biashara huria iruhusiwe amenyanyuka: ana mashine ya kukamua alizeti, ana gari la mizigo, ana viatu vya ngozi vya Dar es Salaam. Lakini hajaacha kunitania.

"Shemeji, bado unawachungulia ndege?"

"Bado."

"Waangalie ndege tu, shemeji," alisema, akacheka na kuninunulia vitambaa vya meza ambavyo najua havihitaji.

Jumapili, 8 Desemba

Hakuna mvua. Nimeona shakwe wachanga, wale wenye madoa ya kahawia, wakimnyang'anya mnandi, yule ndege mweusi mvuvi, samaki mdomoni. Nilikuwa nafurahia hilo mpaka Landkruza nyeupe ikaingia kwenye duara la darubini na kusimama karibu na bikoni. Walishuka watu watatu. Wawili siwajui, wamevaa kofia. Wa tatu alikuwa Abdulmajidi. Alikuwa ananyoosha mkono huku na huku, kama mtu anayemwonyesha mgeni vyumba vya nyumba yake.

Nikajiambia, anawauzia mafuta ya alizeti.

Nilimwambia Mwantum alipokuja. Hakuniangalia. Alisema, "Sheru, uyaonayo huko juu yaache huko juu."

Alhamisi, 12 Desemba

Wanawake wa chumvi wamefukuzwa ng'ambo ya ghuba. Walinzi wenye marungu wamewaambia eneo lina mwenyewe, mwekezaji anajenga kiwanda cha chumvi na hoteli ya watalii. Nani aliyeuza? Walinzi hawajui. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Andrea, anasema hajui. Mama yake Ignas naye amerudi nyumbani na gunia tupu. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake: chumvi ile wanawake huichemsha na kuipeleka hadi minada ya Iramba.

Jumapili, 15 Desemba

Nilipokuwa nashuka kwenye jiwe nilikutana na Mama Mazengo. Ni mwanamke mrefu, sauti ya radi, ndiye kiongozi wao wanaokwangua chumvi. Nilimsalimia. Hakuitikia. Alitazama darubini kifuani kwangu, kisha akatema mate pembeni ya njia.

Ijumaa, 20 Desemba

Ignas ndiye aliyeniambia. Alisubiri duka liwe tupu.

"Mama, usichukie nikikwambia."

"Sema."

"Wanasema wewe ndiye uliyepima ziwa. Kwamba kile chombo si cha ndege, ni cha kupimia. Miaka yote ulikuwa unapima, sasa wenzako wamekuja kununua."

Nilicheka. Ignas alikuwa anatazama cherehani.

"Na wewe unasemaje, Ignas?"

"Mimi nasema wanasema."

Jumapili, 29 Desemba

Nilikwenda kwenye jiwe. Shakwe ni wengi sasa, zaidi ya mwaka wowote ninaoukumbuka, labda kwa sababu tope limepanuka na samaki wanakufa pembezoni. Harufu inafika sokoni. Ng'ombe wa Wanyaturu wanapita wakiwa mifupa. Watoto waliozoea kunifuata wakiomba kutazama kwenye darubini walisimama mbali. Mmoja akapiga kelele, "Muhindi muuza ziwa!" wakakimbia, kisha wakarudi na kulisema tena.

Mwantum hakuja.

Ijumaa, 10 Januari 1997

Ramadhani imeanza. Kila mwaka, siku ya kwanza, Mwantum huniletea bakuli la uji wa pilipili manga na tambi, tukafuturu pamoja. Leo bakuli limeletwa na mwanawe Ashrafu. Akanipa shikamoo mlangoni, hakuingia.

"Mama anasalimia. Ana wageni."

Uji ulikuwa mtamu kama siku zote. Nikaunywa peke yangu.

Jumanne, 14 Januari

Hakuna mteja. Jana pia.

Jumamosi, 18 Januari

Bwana Andrea aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, alasiri. Kuhusu mvua, alisema, lakini kila mtu alijua ni kuhusu ziwa. Nilikwenda kwa sababu kutokwenda ni kukiri. Nilikaa upande wa wanawake. Benchi lile lilibaki na mimi tu.

Mama Mazengo alisimama. "Tunataka jina," alisema. "Ziwa halijiuzi. Kuna mtu wa hapahapa aliyewaonyesha. Tunataka jina."

Wengi walinigeukia. Nami nikamtazama Abdulmajidi, aliyekuwa amekaa mbele na wazee. Kisha nikamtazama Mwantum. Alikuwa na tasbihi mkononi na macho ardhini. Nilijua kwamba nikifungua mdomo naimaliza nyumba yake, na ni nyumba ambayo nimekula ndani yake tangu nikiwa na meno ya utoto. Nilingoja yeye aseme japo neno moja, japo kwamba Sheru anatazama ndege tu, na ndege ni ndege. Punje za tasbihi zilikuwa zinapita vidoleni mwake.

Aliyesimama ni Abdulmajidi mwenyewe. Alizungumza kwa upole, kama imamu.

"Ndugu zangu, mwezi huu ni mtukufu. Tusimhukumu mtu bila ushahidi. Huyu ni shemeji yangu, ni mzaliwa wa hapa. Mimi ningemshauri tu kwa wema, akae mbali na ziwa kwa muda, mpaka hasira zipoe."

Watu wakaguna kukubali. Walimwona mtu wa haki. Nami niliona alivyonifunga kamba shingoni huku akinipangusa jasho.

Jumapili, 19 Januari

Sikwenda kwenye jiwe. Niliketi uani nikawasikia wakipita juu kuelekea machinjioni.

Jumanne, 28 Januari

Jiwe limetupwa kwenye bati saa ya futari. Nilitoka. Barabara ilikuwa na watu wanaotembea kama kawaida, kila mmoja akitazama mbele.

Jumatatu, 3 Februari

Ignas amebeba cherehani yake. Alikuja na mkokoteni, akaifunga kwa kamba kimya kimya. Nikamwuliza kama nimemkosea.

"Mama yangu amelala njaa, mama," alisema. "Na mimi nakaa barazani kwako. Watu wananiuliza nalipwa nini."

"Uwaambie nini?"

"Ndiyo hilo. Sina la kuwaambia."

Nilimpa kitambaa cha bafta cha kumshonea mama yake gauni. Alikiacha juu ya ngazi.

Jumapili, 9 Februari

Idi. Nimeswali nikarudi. Mchana nilipika biriani ya watu kumi kwa mazoea, kisha nikawapa mbwa wa jirani. Mwanangu alipiga simu toka Kanada, simu ya posta. "Funga duka uje," alisema. Nikamwambia huko kuna baridi. "Shakwe wako wanaivumilia," alisema, akidhani ananichekesha.

Jumapili, 16 Februari

Nikiacha kuandika leo sitaandika tena.

Asubuhi nilijiambia nimechoka kujificha. Shakwe wataondoka karibuni, migongo yao imeshapata weusi mpya na miguu imekuwa ya njano kali. Nikachukua darubini nikapanda jiwe langu. Hewa ilikuwa safi, upepo mkali, ng'ambo ya ghuba ikionekana wazi. Walikuwa wamepangana juu ya bikoni, kila mmoja na kiti chake.

Nilisikia kokoto nyuma yangu. Niligeuka. Walikuwa wanawake wa chumvi, na nyuma yao vijana, na katikati ya vijana Ignas. Walilizunguka jiwe. Mama Mazengo alipanda hadi nilipokuwa, kanga ya njano ikipigwa na upepo.

"Leo utatuambia unapima nini."

"Natazama ndege."

"Ndege gani? Ndege gani wa kutazamwa miezi yote hii watu wana njaa? Sisi tumefukuzwa, wewe umekaa hapa juu na chombo chako!"

Kijana mmoja chini alisema, "Mshusheni." Mwingine alikuwa na kipande cha mti. Nilimtazama Ignas. Ignas alitazama pembeni.

Nilivua mkanda wa darubini shingoni nikampa Mama Mazengo. "Tazama mwenyewe," nikasema. Nilitaka aone ndege.

Aliishika kinyume, nikamgeuzia. Nikamwelekeza ng'ambo. Alitazama kwa muda mrefu. Nikaona mdomo wake unafunguka.

"Abdulmajidi," alisema taratibu. Kisha kwa ile sauti yake ya radi, "Ni Abdulmajidi! Yuko kule na wapimaji! Anawaonyesha!"

Alinirudishia darubini kifuani kwa nguvu, akashuka. Wote wakashuka. Wakakimbia kufuata ukingo wa ghuba, wanawake wameshika kanga, vijana mbele. Ndani ya muda wa kunywa chai nilikuwa peke yangu.

Sikukimbia. Sikupiga kelele, na hata ningepiga upepo ulikuwa unanijia usoni. Niliinua darubini.

Wapimaji waliwaona mapema. Waliingia garini. Abdulmajidi alibaki nje akiwapungia watu mkono, nadhani alikuwa anataka kuzungumza nao, amezoea kuzungumza watu wakamwelewa. Gari likaondoka bila yeye. Shakwe wote wakaruka kwa pamoja, na kupitia katikati yao niliona watu wakimfikia. Kila kitu kilikuwa kimya. Darubini haina sauti. Aliinua mikono miwili. Mtu mmoja alimsukuma. Mtu mwingine alichimbua bikoni, akang'oa nondo.

Alipoanguka mara ya pili, kitu cha njano kilimfunika.

Jumatatu, 17 Februari

Yuko hospitali ya mkoa, hajazinduka.

Jana nimeandika kwamba nilitaka Mama Mazengo aone ndege. Si kweli. Landkruza niliiona kabla hawajafika. Abdulmajidi nilimwona akishuka, nikaona hata viatu vyake. Niliposema "tazama mwenyewe" nilijua ni nani aliyeko mwisho wa darubini. Niliogopa kipande cha mti, nikauelekeza kwa mtu mwingine.

Jumatano, 19 Februari

Amefariki alfajiri. Innaa lillahi.

Ashrafu alikuja kununua sanda. Alisimama mbele ya kaunta akiwa amevimba macho. Nilipima, nikakata, nikakunja. Mkono wangu unajua kazi hiyo bila mimi. Hakuna aliyesema kitu zaidi ya bei, na bei nilikataa kupokea, naye akaiweka juu ya meza akaondoka.

Alhamisi, 20 Februari

Mvua imenyesha. Usiku kucha, bila radi. Asubuhi mji mzima umetoka na majembe, na watu wakasalimiana njiani kama wametoka safarini.

Wamemkamata Mama Mazengo. Polisi wanasema alikutwa juu ya Abdulmajidi, damu hadi viwikoni, na kwamba ndiye aliyewaongoza watu. Wengine wote hawakuona chochote. Walikuwa nyuma, walikuwa wamechelewa, walikuwa na vumbi machoni.

Ignas amerudisha cherehani barazani. Sikumwita. Nilifungua duka nikamkuta anaifuta vumbi. "Shikamoo mama," akasema. Nikaitikia. Watu walipita wakimsalimia kwa heshima mpya, na mimi pia wakanisalimia. Mwanamke mmoja alinunua khaki ya sare za watoto, akasema, "Pole mama, tulikuonea." Ignas akampima mtoto wake kifua, taratibu, kwa vidole vile vizuri.

Mimi nilitazama vile vidole siku nzima.

Jumatatu, 24 Februari

Binti wa Mama Mazengo alikuja, mjamzito, miguu yenye tope. Alikataa kiti.

"Mama amenituma. Anasema wewe ulikuwa juu ya jiwe na kile chombo. Anasema wewe uliona."

"Alisema niliona nini?"

"Hakusema. Alisema tu, yule mama anajua, na kama anamwogopa Mungu atakuja."

Ignas alikuwa barazani. Cherehani ilikuwa kimya.

Niliona. Niliona kila kitu, kwa sababu ni darubini nzuri, ya Kijerumani. Niliona Ignas aking'oa nondo. Niliona mkono wake ukipanda na kushuka, mara ya kwanza na ya pili. Niliona Mama Mazengo akiwasukuma vijana kwa mabega, akajitupa juu ya Abdulmajidi na kumkumbatia kichwa, na pigo la tatu likamwangukia yeye mgongoni. Huyu ndiye mwanamke aliyetema mate njiani kwa sababu yangu. Na yule ndiye kijana niliyemlisha miaka yote hii, aliyekuwa akilinda duka langu nikienda Dodoma.

Nikienda polisi wataniuliza watu walijuaje kwamba Abdulmajidi yuko kule. Nami nitajibu nini?

Ijumaa, 28 Februari

Jioni Ignas alisimama mlangoni kabla ya kuondoka. Mvua ilikuwa inaanza.

"Mama, wewe siku ile ulikuwa mbali."

"Nilikuwa juu ya jiwe."

"Mbali," alirudia. "Mtu wa mbali hawezi kuona sura." Hakusema kwa ukali. Sauti ilikuwa ileile aliyokuwa akiniulizia kama nguo iongezwe upindo. Kisha akaongeza, "Na mimi sijawaambia watu kwamba nilikuona ukimwelekezea Mama Mazengo darubini."

Alivaa kofia akaenda. Niliweka komeo mbili.

Jumapili, 2 Machi

Nimekwenda kwa Mwantum.

Yuko edani, chumba cha ndani, amevaa nguo nyeupe, amekaa kwenye mkeka. Wanawake waliokuwa naye waliniona wakasogeana. Aliwaomba watoke. Nilidhani atanifukuza. Alinionyesha mkeka.

Nikakaa. Mvua ilikuwa inapiga bati, hata kama tungesema mapema tusingesikiana. Ilipopungua, yeye ndiye aliyeanza.

"Nilijua tangu Novemba," alisema. "Alisema atapata asilimia yake, atampeleka Ashrafu Uingereza. Kila walipokutaja wewe nilijiambia, Sheru ana duka, ana wanawe Kanada, atapona. Majidi akitajwa hana pa kwenda. Nikavuta tasbihi."

"Nilikuona," nikasema.

"Najua uliniona. Wewe huoni nini?"

Nilisogea karibu naye kwenye mkeka.

"Mimi kifo chake sikukiona," alisema. "Walinirudishia mtu aliyefungwa shuka. Kila anayekuja kunipa pole ananiambia alikuwa nyuma. Nimekuwa mjane wa mtu aliyeuawa na hewa. Niambie, Sheru. Yote. Usinifichie."

Nikamwambia. Nilimwambia alivyowapungia watu mkono, na gari lilivyoondoka. Nilimwambia mikono miwili juu. Nilimwambia kuhusu Ignas na nondo, na kanga ya njano ya Mama Mazengo. Alifunga macho lakini hakunizuia. Nilipofika mwisho nikarudi mwanzo, nikamwambia na lile jingine: kwamba nilimwona Abdulmajidi kabla, na kwamba nilipotoa darubini shingoni nilijua ninachofanya.

Nyuma ya pazia mtu alikuwa anapepeta mchele. Mkono mmoja wa Mwantum ulikuwa ukipapasa ukindu wa mkeka kana kwamba anatafuta sindano.

"Yule mama alimkumbatia kichwa?" aliuliza hatimaye.

"Alimkumbatia."

"Na wamemfunga yeye."

"Ndiyo."

"Utakwenda kusema?"

"Kesho."

"Hivyohivyo kama ulivyoniambia mimi?"

"Hivyohivyo."

"Na la darubini?"

"Nitaanza na hilo."

Alinitazama sasa, mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi na moja. Hakukuwa na msamaha katika macho yale na sikuutafuta. Aliniambia niondoke kabla giza halijaingia, kwa sababu ya Ignas, na nipite njia ya msikitini yenye watu. Nilipofika kwenye pazia akaniita.

"Sheru. Sema polepole, ili waandike yote."

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka, nimeswali, nimekunywa chai. Ignas ameshafika, nasikia anafunua cherehani barazani. Nitatokea mlango wa mbele, nimsalimie, kisha niende kituoni.